Uhaba wa Kona Garissa na Alama Zangu Kumi na Tano

Kowsar Jelle Warfa,
Kidato cha Pili,
Waberi, Garissa.

Kwa Mwenyekiti, Jopo la Waamuzi,
Maonyesho ya Sayansi ya Wanafunzi,
Garissa.

Mwalimu Mureithi mheshimiwa,

KUH: ALAMA SIFURI NILIYOPEWA KWA SABABU MJI WETU UMENYOOKA

Assalamu aleikum. Najua wewe si Mwislamu, lakini umekaa Garissa miaka sita, na siku ya maonyesho nilikusikia ukimwitikia bawabu vizuri kuliko wanafunzi wengi. Natumaini kichwa kilichokuwa kikikuuma siku ile kimepoa. Ukumbi ulikuwa na joto, miradi ilikuwa mingi, na meza yangu ilikuwa ya arobaini na moja.

Mimi ni yule msichana aliyekuwa na kigari cha waya na bango lililoandikwa “Kupunguza Ukaidi wa Pua ya Gari kwa Kupanga Upya Saspenshoni”. Huenda hunikumbuki, kwa kuwa sikusema neno. Huwa sisemi watu wakizidi wawili, na nyinyi mlikuwa watatu. Kwenye karatasi huwa nasema vizuri zaidi, ndiyo maana nakuandikia.

Kabla ya kulalamika naomba nieleze mradi wenyewe, kwa sababu siku ile mlinipa dakika tatu na nikazitumia zote kuangalia viatu vyenu.

Abti Guleid, kaka yake mama, ana gari la michezo la bluu. Alilinunua Nairobi mwaka jana kinyume cha ushauri wa jamaa wote, ambao walitaka anunue pikapu. Ni gari la chini, lenye nguvu, na bomba lake la moshi huamsha mbuzi mtaa wa pili. Lakini lilikuwa na kasoro moja. Ukikata usukani kwenye kona kwa kasi, pua haikati. Magurudumu ya mbele yamegeuka, dereva amegeuka, hata abiria wamegeuka, lakini gari linaendelea kule lilikokuwa likienda. Sababu ni kwamba tairi za mbele hupoteza mshiko kabla ya zile za nyuma. Abti alikuwa akisema tu kwamba gari lina mawazo yake.

Nilisoma vitabu viwili, na kurasa nyingi kwenye simu ya Abti, kisha nikampelekea Fundi Musyoka wa Galbet orodha ya mambo manne. La kwanza lilihusu kile chuma kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, ambacho mafundi hukiita stabilaiza. Aliyekuwa na gari kabla ya Abti aliweka chuma kinene mbele. Chuma kinene hulisukumia mzigo gurudumu la nje wakati wa kona, nalo likielemewa linateleza. Kwa hiyo mbele tukaweka chembamba, na nyuma tukaweka kinene kuliko kilichokuwako, ili mkia nao ufanye kazi ya kugeuka badala ya kuiachia pua peke yake. La pili, tuliinamisha magurudumu ya mbele, juu yakaingia ndani kwa digrii moja na nusu, ili gari likiegemea kwenye kona tairi likanyage ardhi kwa upana wake wote. Fundi Musyoka alipomaliza alirudi nyuma hatua tatu akatazama, akasema, “Msichana, hii sasa imesimama kama ndama wa ngamia aliyezaliwa leo.” La tatu, tuliyafanya magurudumu hayo yaangalie nje kidogo, milimita moja kila upande, ili gari liwe tayari kugeuka kabla ya kuambiwa. La nne, springi za nyuma zilibadilishwa zikawa ngumu, na shokomzoba za mbele, zile zinazotuliza mtikiso, zikalegezwa.

Vipimo nilivichukua mwenyewe. Nilichora duara la majivu kwenye uwanja ulio nyuma ya soko la mifugo, mita ishirini na tano kutoka katikati hadi ukingoni. Abti alilizunguka kwa kilomita arobaini kwa saa, nami nikapima kwa utepe wa fundi cherehani pua imetoka nje ya majivu kwa umbali gani. Kabla ya kupanga saspenshoni ilitoka mita nne na sentimita kumi. Baada ya kuipanga ilitoka sentimita themanini. Nilirudia mara tano kabla na mara tano baada. Sidhani kama kuna mradi mwingine ukumbini uliorudiwa mara kumi, isipokuwa ule wa kuchemsha mayai.

Naomba pia ujue kwa nini naandika badala ya kunyamaza kama kawaida yangu. Mwisho wa muhula huu tunachagua masomo. Baba yangu, Jelle Warfa, ana duka la nafaka na angependa nichukue somo la biashara. Mimi napenda fizikia. Tulikubaliana mbele ya mama. Baba alisema, “Ukifika mashindano ya eneo, soma fizikia yako mpaka ichoke. Ukiishia hapa Garissa, utachukua biashara, na kiti chako dukani kiko tayari.” Baba si mtu mbaya. Ni mtu wa makubaliano. Fomu ya masomo iko juu ya kabati, haijajazwa.

Sasa naleta malalamiko yangu.

1. Kwenye karatasi yangu ya alama, sehemu ya “Umuhimu kwa Jamii”, ambayo ina alama kumi na tano, mmeandika sifuri. Kando yake, kwa kalamu nyekundu, mmeandika: “Mradi mzuri, lakini Garissa haina kona.” Kwa jumla nimepata hamsini na nane. Waliokwenda ngazi ya eneo walianzia sitini na tano. Wewe ni mwalimu wa hesabu, kwa hiyo sitakufanyia hesabu. Nasema tu kwamba wenzangu walioshindwa walishindwa kwa makosa yao. Kuna ambaye volkano yake haikulipuka, na kuna ambaye maharagwe yake yalikufa njiani. Mimi nimeshindwa kwa sababu ya umbo la barabara, iliyochorwa na wahandisi waliostaafu kabla sijazaliwa, na hakuna aliyeniuliza maoni.

2. Mliponifikia, uliniuliza hivi: “Binti, kutoka hapa mpaka Nairobi kuna kona ngapi?” Mlisubiri kidogo, mkatazamana, mkaandika kitu, mkaondoka. Naomba ieleweke kwamba sikuwa nimeshindwa kujibu. Nilikuwa nahesabu. Nilianzia darajani Tana, na nilikuwa nimefika karibu na Mwingi mlipohamia kwenye meza ya arobaini na mbili. Nilipofika Thika mlikuwa mnakunywa chai. Jibu ni thelathini na saba, nikihesabu zile zinazomlazimisha dereva kukata usukani zaidi ya robo. Nimeliambatisha kwenye karatasi ya pili pamoja na mchoro.

3. Kwamba Garissa haina kona si kweli. Iko kona moja, ipo kati ya Waberi na Galbet, na inaitwa Kona ya Shurie. Shurie ni mama anayeuza chai pale penye mpindo, na ana uzio wa vijiti na mabati uliozunguka kibanda chake. Kabla ya mradi wangu, gari la Abti liliingia kwenye uzio huo mara tatu katika muhula mmoja. Hakuna aliyeumia. Wateja wa Shurie walikuwa wameshajifunza mlio wa bomba la moshi. Wakiusikia unakaribia, walikuwa wakiinuka na vikombe vyao, wanasogea kando, gari linaingia, halafu wanarudi kukaa, na mazungumzo hayakatiki.

Mara ya tatu nilikuwamo ndani ya gari. Shurie alikuja dirishani na birika mkononi, akanizungumzia mimi badala ya Abti. “Kowsar, mwambie abti yako, kama anataka chai aingie kwa mlango.”

Abti akasema, “Walaal, dada yangu, mimi nimekata kona. Gari ndiyo imekataa.”

“Gari imekataa,” Shurie akasema, “na wewe umekubali.”

Mwalimu, yule mama ni jamii. Wale waliosimama na vikombe ni jamii. Uzio ule ni wa jamii, kwa kuwa hata sisi tulichangia vijiti. Ikiwa umuhimu kwa jamii unapimwa kwa idadi ya watu wanaolazimika kuinuka, nina orodha ya watu kumi na mmoja walio tayari kutia sahihi.

4. Mshindi wa kwanza alikuwa Deeq, wa shule jirani, na kifaa chake cha kulia mvua ikianza kunyesha. Deeq ni mtu mpole na sina chuki naye. Kifaa chake kililia vizuri mlipokimwagia maji ya chupa, na katika sehemu ya Umuhimu kwa Jamii mkampa kumi na nne. Kwa mujibu wa daftari langu, tangu Deeq aanze kukitengeneza mwezi wa Januari mvua imenyesha Waberi mara mbili. Mara zote mbili kila mtu alijua bila kuambiwa, na majirani zetu walitoka nje kuitazama. Kona ya Shurie ipo kila siku, kiangazi na masika. Sielewi ni kwa kanuni gani mvua isiyokuwapo ina alama kumi na nne na kona iliyopo haina hata moja. Ikiwa jopo liliweza kufikiria mvua, naliomba lijaribu kufikiria kona.

5. Hapa naingia katika jambo zito kidogo, nawe utanisamehe. Katika hotuba yako ya ufunguzi ulitueleza kwamba kwenu Nyeri, kutoka barabara kuu mpaka lango la mama yako, kuna kona kumi na tisa, na kwamba utotoni ulitapika katika kila moja. Ukumbi ulicheka. Mimi niliandika idadi hiyo kwenye daftari.

Kona kumi na tisa, Mwalimu, kwa nyumba moja. Wilaya nzima ambamo mimi nimezaliwa ina moja ya kutegemewa, nayo ina kibanda cha chai ndani yake. Mtoto wa kwenu akitaka kufanya mradi kuhusu pua ya gari, anafungua lango. Mimi nililazimika kuchora kona kwa majivu, na mbuzi wakaifuta mara mbili. Tunasoma kwenye Uraia kwamba rasilimali za taifa zinapaswa kugawanywa kwa haki, na maeneo yaliyoachwa nyuma yafikiriwe kwanza. Nimepekua kitabu chote kutoka jalada hadi jalada. Kuna maji, kuna barabara, kuna hospitali. Kona hazikutajwa. Nadhani zilisahauliwa na watu waliokuwa nazo nyingi mno hata hawakuziona kuwa rasilimali.

6. Kwa hiyo, kwa kuwa jopo limeshaamua kwamba kona ndiyo inayoupa mradi umuhimu, naomba jopo hilo hilo liandikie wanaohusika ili Garissa ipewe kona. Siombi nyingi. Naomba nne za kuanzia: ya kulia, ya kushoto, ndefu ya taratibu, na moja ile inayoanza kwa upole halafu inakaza katikati, ambayo kwa mujibu wa vitabu ndiyo inayofichua tabia halisi ya saspenshoni. Moja inaweza kuwekwa kabla ya soko la mifugo, na nyingine kwenye njia ya Dadaab, ambako nafasi ipo. Vipimo nimeviandaa.

Najua litatokea swali la gharama. Ipo pia faida. Abti anasema ukitoka darajani Tana kuelekea Nairobi unaweka usukani sawa, na utaugusa tena ukiona Mwingi. Madereva wanasinzia. Kona ingewaamsha bila kuhitaji kengele, na watu wenye mizigo wangefika wakijua wamesafiri. Vibanda vya chai vingepata mahali pa kujengwa, kwa kuwa hakuna mtu anayeweka kibanda kwenye mstari ulionyooka. Gari likipita pale halipunguzi mwendo, na dereva hana sababu ya kukumbuka kiu.

Tena si kweli kwamba kona ni mambo ya milimani yasiyotuhusu sisi wafugaji. Awowe Warfa, babu yangu, amechunga ngamia miaka sitini. Nilimuuliza kama ngamia huenda kwa mstari ulionyooka. Alinitazama kama mtu anayewaza iwapo karo inatumika vizuri. Akasema ngamia huzunguka mti, huzunguka kisima cha watu wengine, huzunguka maboma ya watu waliokosana na wenye ngamia, na mchungaji huzunguka naye. “Hiyo barabara imenyooka,” akasema, “kwa sababu aliyeichora hakuwa na mtu wa kusalimia njiani.” Hivyo basi kona ni mila yetu. Unyoofu ndio uliokuja na wageni.

7. Wakati tukisubiri kona hizo kujengwa, nakaribisha jopo lote katika Kona ya Shurie, siku yoyote mtakayochagua isipokuwa Ijumaa. Mtakaa ndani ya gari la Abti, wewe mbele na waamuzi wenzako wawili nyuma. Fundi Musyoka amekubali kurudisha vyuma vya zamani kwa saa mbili na kuweka vipya kwa saa mbili, ili mwonje hali zote mbili kwa miili yenu wenyewe. Abti ameahidi kuvaa shati lililopigwa pasi. Kuhusu yale mambo ya utotoni uliyotusimulia, tutakuwa na mfuko wa plastiki.

8. Ikiwa itaonekana kwamba kona haziwezi kuletwa Garissa, kwa sababu ya bajeti au kwa sababu mchanga hauzishiki, basi naomba usawa upatikane kwa njia ya pili. Zile zilizoko huko kwenu zinyooshwe. Tusianze na zote. Tuanze na zile kumi na tisa za kwenda kwa mama yako. Siku wanafunzi wa huko watakapopeleka miradi yao ya saspenshoni kwa waamuzi, nao waandikiwe kwa kalamu nyekundu kwamba kwao hakuna kona, ndipo sote tutakuwa tumeshindwa kwa haki. Na kama kunyoosha ni kazi kubwa kuliko kupinda, kama Fundi Musyoka anavyosema kuhusu vyuma vyote, basi itakuwa rahisi zaidi kunipa zile alama kumi na tano. Nitakuwa na sabini na tatu. Hakuna mlima utakaohitaji kuguswa.

Nimesoma barua hii mara nne na sijaona mahali ambapo mantiki yake imekatika. Ukipaona, naomba unioneshe kwa kalamu ya rangi yoyote.

Naomba unifikishie salamu kwa waamuzi wenzako wawili, hasa yule mama aliyekuwa akijipepea kwa karatasi, ambaye aliligusa gurudumu la kigari changu cha waya akatabasamu. Salamu kwa bawabu, kwa wapishi waliotupa wali wa pili bila kuombwa, kwa Deeq na kifaa chake, na kwa mama yako Nyeri, ambaye hajanikosea chochote na ambaye njia yake nimeizungumzia bila idhini.

Ni mimi niliyenyamaza mbele yenu kwa heshima na kuandika kwa heshima ile ile,

Kowsar Jelle Warfa
(Meza ya 41)

Tanbihi.

Barua hii niliimaliza Jumatatu nikaitia kwenye bahasha. Leo Alhamisi nimeifungua kwa sababu zifuatazo.

Jumanne Shurie alirudi. Alikuwa Ifo, kambini Dadaab, siku arobaini akimtunza dada yake aliyejifungua, na kibanda kilikuwa kimefungwa muda huo wote. Jumatano asubuhi Abti alimletea maziwa ya ngamia kutoka kwa wafugaji wa njia ya Dadaab, kama alivyokuwa akifanya kila asubuhi kabla Shurie hajasafiri: madumu manne ya lita ishirini, kwenye buti la nyuma ya gari. Alifika konani na saspenshoni yangu mpya yote, gari likaenda moja kwa moja mpaka ndani ya uzio. Wateja wamekaa siku arobaini bila mazoezi, kwa hiyo safari hii vikombe viwili vilivunjika.

Nilikaa chini na daftari. Majaribio yote matano ya “kabla” niliyafanya asubuhi, Abti akiwa njiani kupeleka maziwa. Majaribio yote matano ya “baada” niliyafanya Shurie akiwa Ifo, buti likiwa tupu. Lita themanini zikiwa nyuma kabisa ya gari hukandamiza mkia na kuinua pua, na tairi za mbele zinabaki zikigusa mchanga kwa adabu tu. Nilimuuliza Abti kwa nini hakuwahi kuniambia kwamba gari lilikuwa na mzigo. Akasema, akiniita kwa jina lile lile ninalomwita, “Mzigo gani, abti? Ni maziwa tu.” Wala siwezi kumlaumu. Mimi mwenyewe niliyaona. Asubuhi moja nilishika dumu lisianguke, mkono mwingine umeshika utepe wa kupimia, na sikuandika. Niliandika upepo wa tairi, joto la ardhi na uzito wa Abti. Kwetu hakuna mtu anayehesabu maziwa kuwa mzigo.

Jana alasiri Fundi Musyoka alirudisha vyuma vyote vya zamani, tukalizunguka duara bila madumu. Pua ilitoka sentimita tisini. Kumbuka kwamba kwa saspenshoni mpya ilitoka themanini. Kwa hiyo kazi yangu ya muhula mzima ni sentimita kumi, na zilizobaki ni za ngamia.

Naondoa ombi la kona. Za Nyeri zibaki zilivyo. Zile alama kumi na tano nisipewe, na katika sehemu ya “Usahihi wa Majaribio”, ambako mlinipa ishirini na sita kati ya thelathini, naomba mpunguze. Mimi ningejipa tisa. Kweli hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza kilichokuwamo kwenye buti, lakini hilo silileti kama lalamiko la tisa.

Kwa kuwa sitafika ngazi ya eneo, nilimpelekea Baba barua hii dukani pamoja na ile fomu, ili aandike biashara kama tulivyokubaliana. Alisoma yote akiwa amesimama. Sehemu hii ya mwisho aliisoma mara mbili. Akauliza ni nani aliyenilazimisha kuiandika, nikasema hakuna. Akauliza kama jopo lingeweza kujua lenyewe habari za maziwa, nikasema sidhani. Akamtazama mteja, akaitazama mizani, akanirudishia fomu. Akasema mtu anayemfuata mnunuzi mpaka nyumbani kumwonyesha tundu la gunia ataifunga biashara hii kabla ya Ramadhani, na kwamba nijaze fizikia haraka kabla hajabadili mawazo.